Tupime kabla ya kuripoti ORDER BY

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Seva mbili za PostgreSQL (programu ya hifadhidata), data ileile, lakini ORDER BY (agizo la kupanga matokeo) inatoa mpangilio tofauti. Kabla hatujaripoti hitilafu, kila mmoja apime kwenye Linux yake:

1. locale -a ionyeshe en_US.utf8 (kanuni za Kiingereza cha Marekani), la sivyo jibu litadanganya.
2. (echo "1-1"; echo "11") | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort

Ikitangulia 11, glibc yako (maktaba ya msingi ya Linux, yenye kanuni za kupanga maandishi) ni ya kabla ya 2.28. Ikitangulia 1-1, ni 2.28 au mpya zaidi.

Tukitofautiana, kosa si la PostgreSQL: kanuni za kupanga maandishi zilibadilika chini yake. Faharasa (index) zilizojengwa kwa kanuni za zamani zinaweza kuficha rekodi zilizopo, hata kuruhusu marudio penye UNIQUE (sharti la kutorudia thamani). Dawa ni REINDEX, yaani kuzijenga upya faharasa. Safu za namba tupu haziguswi, msihangaike nazo.

Tumeni matokeo pamoja na SELECT version(). Kabla ya Alhamisi saa 3 usiku. Ukiisoma, jibu "nimeona". Asanteni.