Maandishi meusi kwenye plastiki nyeusi, tuyapake rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo wengi wanaliona dogo ila linaunguza vitu vya watu. Hivi kwa nini maandishi ya kwenye chaja na adapta yanachongwa meusi juu ya plastiki nyeusi? Igeuze yoyote hapo nyumbani, volti zinazoingia na zinazotoka zimeandikwa kabisa, lakini mpaka uiinamishe kwenye mwanga na kufinya macho, na kwa mtu wa umri wa mama yangu ndo haisomeki kabisa.

Na yale maandishi yana kazi jamani. Adapta za ruta nyingi zinatoa volti 12, za laptop nyingi ni 19 hivi, na kuna ambazo vichwa vyake vinaingiliana bila hata kulazimisha, mtoto akichomeka siyo ruta inakufa. Kuna na kale kamchoro ka duara kanakoonyesha chanya iko katikati au pembeni ya kile kichwa cha kuchomekea, nako hakaonekani. Vitu tunavyoletewa na ndugu kutoka Marekani ndo usiseme, kule umeme ni volti 120 huku kwetu 230, sasa ikiandikwa 100-240V unachomeka bila wasiwasi, ikiandikwa 120V peke yake usisogelee soketi bila transfoma ya kushusha umeme. Wa sola nao wanajua, chanya na hasi kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, zimechongwa pale pembeni ya matundu ya waya, ukigeuza waya za betri unaweza kuiua.

Dawa yake ni rangi nyeupe tu, ya kucha au ya akriliki. Chomoa kwanza kifaa kwenye umeme, futa mafuta ya mikono kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kikauke. Kama herufi zimezama, paka rangi ijae kwenye mifereji halafu haraka kabla haijakauka kwangua ya juu kwa ukingo wa kadi ya zamani, kitambaa laini hapana maana kinaingia ndani kinakomba yote. Kama zimeinuka ni kinyume chake, weka rangi kidogo sana kwenye sponji, karibu imekauka, upitishe juu juu zishike herufi peke yake. Asiye na rangi asugue krayoni nyeupe kwenye herufi zilizozama, inasomeka vizuri tu japo haidumu. Tafadhali sana msifutie dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni, inayeyusha plastiki nyingi, na rangi isiingie kwenye matundu ya hewa wala kwenye vyuma vya kuchomekea.

Nyuma ya tivi pia, pale HDMI 1 na HDMI 2, pakipakwa rangi mzee anaunganisha king'amuzi mwenyewe bila kusubiri mjukuu atoke shule.

Ombi langu kwa mafundi wa mtaani, mteja akileta adapta mpakieni rangi kabla hajaondoka, ni kazi ya dakika chache. Na nyie mnaoingiza mizigo toka nje, waambieni wenye viwanda waweke wino mweupe, mbona vingine wanaweka? Mhariri, ukipata nafasi tutolee na picha ya adapta kabla na baada ya kupakwa, watu waone tofauti.

Msomaji wenu,
Tanga