Antimata sio bomu jamani, kasheshe ni pa kuiweka

Ndugu Mhariri,

Juzi ukurasa wenu wa sayansi mliandika CERN, ile maabara kubwa ya fizikia kule Ulaya, wametengeneza antimata (mada pacha ya hii yetu ila chaji zake kinyume) ya kuweza kufuta mji mzima, na tangu siku hiyo kijiweni hakukaliki, kinyozi wangu ananiuliza dunia inaisha lini na wembe uko shingoni mwangu.

Kilichofanyika ni hivi, walipiga grafaiti na tantalamu kwa protoni zenye kasi ya ajabu, zikatoka jozi zaidi ya trilioni 10 za elektroni na pozitroni, yaani pacha wa elektroni upande wa antimata, matokeo yakachapishwa 2024. Trilioni 10 inatisha ukiisoma haraka haraka ila pigeni hesabu, mada ya jozi zote hizo ikigeuka nishati unapata ya kunyanyua lita moja ya maji kama shibiri moja basi. Mji gani huo unafutwa na chupa ya maji?

Tena ule ulikuwa mmweko, umepita umeisha. Ngoma nzito ni kuitunza, maana pozitroni ikigusa tu ukuta wa chombo inakutana na elektroni zinafutana zote mbili, inabaki mionzi ya gama. Sasa zikiwa pozitroni tupu unazishika kwa sumaku na umeme, watu wanafanya hivyo miaka mingi, lakini ukitaka plazma yenyewe, yaani wingu la chembe zenye chaji, elektroni na pozitroni pamoja, umeme unaoizuia hii ndo unaifukuza ile, kwahiyo inabaki sumaku peke yake. Ndo maana Wajerumani wa taasisi ya Max Planck wameenda kwenye sumaku ambayo uga wake una umbo kama ule wa dunia yetu, walichota pozitroni kwenye riakta ya nyuklia ya utafiti kule Garching, na 2018 walitangaza wamezishika zaidi ya sekunde moja. Sekunde moja! Mtu atacheka lakini kwa kitu kisichotakiwa kugusa chochote ni muda mrefu sana. Hapo sumaku ilikuwa bado imeegeshwa kwenye nguzo, wanachotaka wao ni koili ya baridi kali inayoelea yenyewe ndani ya ombwe ili hata nguzo isiwepo ya kugongwa.

Hiyo koili inayoelea ndo ilikuwa habari Mhariri, mngeiweka picha yake. Ile ya wingu la uyoga mliyoweka nyie ni bomu la atomiki.

Msomaji wenu wa kila wiki,
Tanga