YAH: Malalamiko kuhusu kinyago cha D'mba cha Wabaga wa Guinea

Kwa Meneja wa Mauzo,

Hati mliyotupatia pamoja na kinyago hiki inasema kilichezwa kijijini mwaka 1965. Hatukubali. Vinyago vingi vya Wabaga viliharibiwa katika wimbi la mahubiri ya Kiislamu la 1956–57, kisha serikali ya Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, ikaendelea kuzipiga vita mila hizo. Mwaka 1965 ni katikati ya kipindi hicho cha kupigwa vita.

Kinyago chenyewe kinaikana hati. D'mba, ambayo wengi huiita Nimba, haivaliwi usoni. Mchezaji huibeba mabegani kwa miguu yake minne, amefunikwa kwa kitambaa na nyuzi za mwale, na huona kupitia matundu yaliyotobolewa kati ya matiti. Chenu hakina tundu hata moja. Mzigo huo huweza kuzidi kilo 35, hivyo miguu kwa ndani hulainika panaposuguana na mabega. Hapa alama za tezo bado ni kali, na weusi umepakwa sawasawa hadi kwenye pembe ambazo mkono haufiki. Kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo kiliutoa, ukinuka dawa ya viatu.

Matiti nayo yamesimama kama ya mwali. D'mba ni mama aliyezaa na kunyonyesha, ndiyo maana matiti yake ni bapa na yamelala. Wala si "mungu wa kike wa uzazi" kama mnavyoandika. Ni sura ya mwanamke aliyetimia, mwenye kuheshimiwa.

Shingoni kuna ufa wa milimita 4. Gogo lilichongwa bichi, kiini kikaachwa katikati. Mti ulipokauka ukasinyaa na kupasuka. Kuujaza gundi na vumbi la mbao hakusaidii, kwani mti ukiendelea kutanuka na kusinyaa utapasuka pembeni yake. Unga laini unaodondoka kwenye vitundu vya duara unaonyesha wadudu wangali hai: vanishi haiui mabuu yaliyo ndani. Mngekifunga ndani ya plastiki isiyopitisha hewa na kukigandisha kwa nyuzi -20 za Selsiasi wiki mbili kabla ya kusafirisha.

Tunadai fedha zetu zote pamoja na gharama za usafirishaji, na hati hiyo ifutwe. Mchongaji ana mkono mzuri, hasa kwenye misuko ya nywele na kile kishungi cha kichwani. Kazi yake iuzwe kama kazi mpya, kwa jina lake.

Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Wanunuzi