Wasiotaka SELinux wasilipwe

Kwako Mhariri,

Nahudumia seva za vyama vya akiba na mikopo hapa Nairobi. Kuna kampuni inayoviuzia programu ya hesabu, na mwongozo wake, kabla hata ya kutaja hifadhidata, unaamuru: zima SELinux, kinga ya ziada ya Linux, mfumo unaoendesha seva hizo. Sababu haitolewi. Vijana wao huja, huandika amri moja, huwasha mashine upya, hunywa chai ya ofisi na kwenda zao.

Kinachozimwa si pambo. Kwa kawaida kwenye Linux mwenye faili ndiye huamua nani aisome, na programu hurithi mamlaka yote ya aliyeiwasha. Ikiwashwa kwa jina la root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, kisha ikavamiwa, mwizi amepata nyumba na funguo zake. SELinux, iliyotoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, huongeza sera ambayo hata root aliyewekewa mipaka haivuki: seva ya wavuti isome faili hizi, zile isiziguse.

Mwaka 2001 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakutaka kuufanya mtindo huo mmoja kuwa sheria kwa wote. Alitaka kiunzi ambacho kila mtu angechomeka moduli yake ya ulinzi. Ndicho LSM (Linux Security Modules), kilichoingia na kerneli, yaani kiini cha Linux, ya 2.6 mwaka 2003, na ndiyo sababu Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, hutumia moduli nyingine, AppArmor, bila ugomvi. Kerneli hukagua kwanza ruhusa za kawaida, halafu huuliza moduli. Moduli yaweza kukataa, lakini haiwezi kuruhusu kilichokwisha kukataliwa.

Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, SELinux husimamia mfumo mzima wa simu. Kwa hiyo simu ya bei nafuu ya Luthuli Avenue ina kinga ambayo seva yenye akiba za walimu na makanga imevuliwa. Haya ndiyo hunikera!

Watajitetea kwamba programu iligoma. Sawa, ila SELinux ina hali ya kati: haizuii, huandika tu kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo, kile ambacho ingekataa. Ukizisoma logi hizo, mara nyingi kosa ni lebo ya folda tu, alama ambayo sera huitazama, na amri ya restorecon huirekebisha. Fundi asiyetaka kusoma logi anatafuta nini kwenye seva yenye taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019?

Wenyeviti waandike sharti hili kwenye zabuni. Siku ya kukabidhiwa mfumo, fundi aandike amri ya getenforce, inayoonyesha hali ya SELinux, mbele ya kamati. Ikijibu “Disabled”, yaani imezimwa, salio lake lisilipwe.

Msimamizi wa seva,
Ngara, Nairobi