Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitabu vya Mitumba na Raha Ndogondogo

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Itifaki imezingatiwa, basi niende moja kwa moja. Mkutano mkuu uliopita ulivunjika watu wakiwa bado wanabishana, na mtakumbuka ubishi wenyewe: kila mwanachama apangiwe idadi ya vitabu vya kusoma kwa mwaka, au aachwe asome apendavyo? Kamati ilitumwa ikalitafakari suala hilo. Jibu lipo, nitalifikia. Kwanza nipitie mengine.

Mikutano ilifanyika kama ilivyopangwa, isipokuwa mmoja tulioahirisha kwa ajili ya mvua. Wanachama wapya wamepatikana, wachache wamehama na tumewatakia heri. Kuhusu fedha sina la kusema. Mweka hazina ana taarifa yake na hapendi kutanguliwa.

Meza ya kubadilishana vitabu ndiyo iliyovuta watu mwaka huu. Kanuni yake haijabadilika: leta kimoja, ondoka na kimoja, wala usiulizwe kwa nini umekichoka ulichokileta. Watu huja kabla ya saa iliyotajwa, wakajifanya wanapanga viti huku macho yako mezani. Hilo halinikeri hata kidogo. Anayenunua kitabu kipya mara nyingi huwa ameshajua anachokitaka. Kwenye rundo la mitumba unainama kutafuta riwaya, unainuka na kitabu cha ufugaji wa nyuki, na siku si nyingi watu wa nyumbani kwako wanaanza kukukimbia kwa habari za malkia na mzinga wake.

Wengi mtaikumbuka ile atlasi. Ilikuja haina jalada wala ukurasa wa hakimiliki, kwa hiyo mwaka wa kuchapwa haukujulikana, na aliyeileta alikuwa karibu kuitupa. Mwanachama mmoja akaifungua kwenye ukurasa wa Afrika akasema, "Subirini, hapa pameandikwa Volta ya Juu." Nchi hiyo inaitwa Burkina Faso tangu Agosti 1984, basi ramani itakuwa ya kabla ya hapo. Mwingine akateremsha kidole kusini akakuta Zimbabwe, iliyopata uhuru Aprili 1980. Ubishi ukahamia kwenye mji mkuu wake: umeandikwa Salisbury, ilhali jina la Harare lilianza kutumika rasmi Aprili 1982. Tukabakiwa na miaka miwili tu. Ndipo mzee wetu, mwalimu mstaafu, akatukumbusha kwamba wachora ramani nao huchelewa kusahihisha, hivyo mwaka wa mwanzo tunaweza kuushika kwa nguvu kuliko wa mwisho. Ajenda ya siku ile haikuguswa. Katibu aliandika katika muhtasari, "Wanachama walishughulika na atlasi." Nimeusaini bila marekebisho.

Kitabu kipya kisingetupa jioni kama ile. Wala kisingetupa maandishi ya pembeni, ambayo safari hii tuliyapata kwa wingi. Kipo kile kitabu cha falsafa ambacho msomaji wa kwanza aliandika kwa kalamu ya risasi "kweli kabisa" katika ukurasa baada ya ukurasa, kisha wa pili, kwa wino wa bluu, akamjibu "hapana" kila mahali. Kufika katikati wa wino wa bluu ananyamaza, na ukurasa wa mwisho kabisa ameandika "labda." Kimeshasomwa na wanachama kadhaa, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyemsikiliza mwandishi. Naomba tu tusiongeze yetu kwa kalamu ya wino katika vitabu vya chama. Risasi inatosha, atakayekuja baadaye akichukia aweze kufuta.

Liliulizwa swali zito kikaoni: je, tunapopokezana vitabu vya mitumba hatuwadhulumu waandishi? Kisheria jambo hili lilishabishaniwa. Huko Marekani mchapishaji mmoja aliandika ndani ya kitabu chake kwamba asiuze mtu chini ya dola moja, na muuzaji aliyepunguza bei akashtakiwa. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa hoja ya mchapishaji: nakala ikishauzwa mara ya kwanza, mwenye hakimiliki hana tena mamlaka ya kumpangia mnunuzi namna ya kuiuza. Nchi nyingi zina kanuni inayofanana na hiyo. Haki ya kunakili yaliyomo haihamii kwako; kinachokuwa mali yako ni karatasi na jalada ulivyoshika mkononi. Kwa vitabu vya kielektroniki hali ni nyingine, maana mara nyingi unachonunua ni ruhusa ya kusoma tu, huwezi kumrithisha mtu wala kukiweka mezani petu.

Hilo la sheria. La utu ni jingine, na hapa nasema kwa niaba yangu. Mwandishi aliye hai, ambaye kitabu chake bado kinachapwa, tumnunulie kipya pale mfuko unaporuhusu. Lakini vitabu vingi vizuri, vya Kiswahili vikiwemo, vilishaacha kuchapwa zamani, na njia pekee ya kuvipata ni mkono wa mtu aliyevisoma kabla yako.

Sasa lile suala la idadi. Waliolileta wana hoja: mtu asipojiwekea shabaha, simu humla jioni nzima na kitabu kikabaki kando ya kitanda kikikusanya vumbi. Kamati ilikubali wajaribu wale waliopenda, nasi tukatazama. Baada ya muda niliona jambo ambalo halikunifurahisha. Waliokuwa wakihesabu walianza kuchagua vitabu vyembamba. Walikuwa wakiniambia wamefika cha ngapi, na nikiwauliza kilikuwa kinasema nini, wanatazama dari. Mmoja alikiacha kitabu alichokuwa akikipenda sana kwa sababu ni kinene na kitamrudisha nyuma. Nikajiuliza, nyuma ya nani?

Kamati kwa hiyo inapendekeza tusiweke idadi yoyote. Anayetaka kuhesabu ahesabu nyumbani kwake. Tukisoma kwa ajili ya kujaza daftari tutakuwa tumejiongezea kazi, na kazi kila mmoja wetu anayo. Badala yake tunapendekeza robo saa ya kimya mwanzoni mwa kila mkutano, kila mtu na kitabu chake, simu zikiwa kwenye kikapu mlangoni. Tumeshaijaribu. Mara ya kwanza watu walikohoa sana. Siku hizi shida yangu ni kuwaambia robo saa imekwisha.

Kwenye ghala letu dogo kulikuwa na matatizo mawili, unyevu na wadudu. Kabati lilikuwa limeegemezwa ukutani, hewa haipiti, na vitabu vya rafu ya chini vikaanza kuota ukungu. Tumelisogeza mbele na kuacha nafasi nyuma yake. Vitabu vyenye vitundu tulivifunga barabara katika mifuko ya plastiki, tukavitia kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, dawa isiyohitaji sumu. Vikitolewa visifunguliwe upesi. Viachwe ndani ya mfuko mpaka vizoee joto la chumba, la sivyo karatasi italowa kwa umande. Na nawasihi, msizibe kurasa zilizochanika kwa selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kuingia ndani ya karatasi, na ukija kuibandua inaondoka na maandishi.

Wapo wanaouliza kwa nini vitabu vya karne iliyopita vimekuwa vya kahawia wakati vingine vya zamani zaidi bado vyeupe. Karatasi za kale zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Tangu katikati ya karne ya 19 viwanda vilihamia kwenye miti, na mti una lignini, kitu kinachoupa ugumu wake, ambayo ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi. Asidi iliyotiwa wakati wa kutengeneza karatasi nayo huifanya iwe rahisi kuvunjika. Uchakavu huohuo ndio unaotoa ile harufu tunayoipenda. Mwaka 2009 watafiti wa University College London na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa kupima harufu ya kitabu cha kale unaweza kujua hali ya karatasi yake pasipo kuikata. Kwa hiyo ndugu zetu mnaonusa vitabu kabla ya kuvisoma, msione haya tena.

Mpango wa kutaja raha ndogo ya wiki, ambao wengine mliucheka, umetuendea vizuri kuliko nilivyodhani. Mwanzoni watu walitaja makubwa: cheo, harusi, gari. Polepole wakajifunza kushuka. Mmoja alitaja shuka lililokauka juani usiku wa kwanza unapolilalia. Mwingine, kuchonga penseli kwa kisu maganda yakatoka mazima. Mama mmoja alisema raha yake ni kurudi nyumbani akakuta hakuna mtu, kisha baada ya saa moja wote wakafika. Sina cha kuongeza hapo ila kwamba zoezi hili liendelee, na mchangiaji asizidishe dakika mbili.

Limeletwa pia pendekezo la kukipanua chama, kwa mfano wa Hay-on-Wye, mji mdogo wa Wales uliojulikana duniani kwa maduka yake ya vitabu vilivyotumika. Aliyeuanzishia sifa hiyo, Richard Booth, alijitangaza mfalme wa mji tarehe 1 Aprili 1977, jambo lililowaletea wageni wengi. Kamati imelipokea pendekezo kwa heshima. Maoni yangu ni kwamba tubaki tulivyo, watu tunaoweza kuenea kuizunguka meza moja. Wakizidi, wenzetu waanzishe meza yao na sisi tutawapa vitabu vya kuanzia. Ufalme pia siuombi.

Mbele yenu leo yapo mambo matatu ya kupigiwa kura: kutoweka idadi ya vitabu, kuifanya robo saa ya kimya kuwa ya kudumu, na uchaguzi wa mtunza ghala, maana aliyepo ameomba kupumzika baada ya kulitumikia kabati letu kwa uaminifu. Wenye vitabu vya chama majumbani wavirudishe kabla ya mkutano ujao. Atlasi iko kwa mtu, na huyo mtu anajijua.

Naomba kuwasilisha.