Barua ya Wazi kwa Waziri Anayesimamia Uvuvi na Uchumi wa Buluu, Kenya: Tuyahesabu Matumbawe Machanga

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, ninakuomba utenge fungu la kudumu la kuchunguza jinsi matumbawe machanga yanavyotua na kukua katika miamba yetu, ndani ya hifadhi na katika maeneo ya uvuvi.

Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na hata hifadhi za Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu 1968, hazikusalimika. Kupima matumbawe hai yaliyosalia ni lazima, ila kipimo hicho hakituambii kwa nini mwamba mmoja hufufuka na jirani yake hukwama. Je, viluwiluwi vya matumbawe, yaani watoto wake wadogo mno wanaoelea majini kabla ya kutua mwambani, havikufika, au vilifika vikafa? Ikiwa havikufika, kulifunga eneo hilo peke yake hakutasaidia sana. Itabidi tuilinde miamba ya mbali inayovizaa. Ikiwa vilifika vikafa, huenda chanzo kiko papo hapo: samaki aina ya kikande wakivuliwa wakaisha, viumbe wa miiba wanaoliwa nao huongezeka na kuukwaruza mwamba pamoja na matumbawe yaliyo madogo kuliko punje ya mchele; samaki wala mwani kama tafi, kangaja na pono wakipungua, mwani huziba nafasi; nalo juya la kukokota huvunja yaliyobaki.

Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Vigae vya udongo hufungwa mwambani msimu wa kaskazi, vikaachwa miezi kadhaa, kisha vikachunguzwa kwa hadubini kuona matumbawe machanga yaliyotua juu yake. Baadaye wapiga mbizi huhesabu matumbawe yasiyozidi sentimita 5 ili kujua mangapi yamenusurika. Ninapendekeza viwekwe katika hifadhi za Watamu na Mombasa, katika tengefu (eneo lililotengwa lisivuliwe) ya Kuruwitu iliyoanzishwa na wanajamii wenyewe, na katika miamba inayovuliwa ya Kanamai na Vipingo, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu viluwiluwi huletwa na mikondo na msimu mmoja unaweza kutupotosha.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya inaweza kuiongoza kazi hii. Ninalosisitiza ni kwamba wavuvi wa BMU (vikundi vya kusimamia fukwe) washirikishwe tangu kuchagua mahali pa kigae cha kwanza, walipwe kwa siku zao, na wasomewe matokeo kwa Kiswahili kabla ya eneo lolote jipya kufungwa. Mvuvi anayetakiwa auache mwamba unaomlisha ana haki ya kuonyeshwa kwanza kama matumbawe machanga yanatua hapo.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa pwani ya Kilifi