Tosheni iliyochoka haitibiwi kwa kukaza bolti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye pikapu wenzangu wa hapa Tabora, pamoja na mafundi wetu, juu ya jambo ambalo nimelilipia mara mbili kabla ya kulielewa, nalo ni namna tunavyozihudumia tosheni, yaani fimbo za springi zinazobeba mbele ya magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne.

Gari langu ni la zamani, la dabo kabini, na kazi yake ni kufuata asali upande wa Sikonge. Mbele nimelifunga bampa zito la chuma, na kwa miaka ya mchanga wa kiangazi na tope jeusi la mbugani wakati wa masika, pua yake ilianza kuinama, hasa upande wa kushoto. Fundi wa kwanza niliyempelekea hakuuliza kitu. Aliingia chini ya gari na spana, akakaza bolti ya tosheni mpaka meno yake yakakaribia kwisha, na pua ikanyanyuka. Nikamlipa na kumshukuru. Baada ya miezi michache mpira wa jointi ya shafti ya mbele ulichanika, tairi likawa linaliwa upande mmoja, na kila nilipovuka korongo gari lilidunda kama punda asiyetaka mzigo.

Kwa asiyeifahamu, tosheni ni fimbo ya chuma cha springi iliyolala chini ya sakafu sambamba na chasisi. Ncha moja imeshikwa na mkono unaobeba gurudumu, ambao kwa Hilux za zamani ni ule wa juu na kwa Land Cruiser 100 ni ule wa chini. Ncha ya pili imekamatwa na kipande kifupi cha chuma kinachoegemea bolti ya kurekebishia. Gurudumu likipanda, fimbo hujisokota, kisha hurudi. Bolti ile hubadili tu mahali fimbo inapoanzia kujisokota, basi haiongezi ugumu wake hata chembe. Ukiikaza kupita kiasi, gari hukaa juu, lakini gurudumu hubakiwa na nafasi ndogo ya kushuka, shafti hukaa kwa pembe kali, na boljointi, yaani kiungo cha mviringo kinacholiacha gurudumu lipande na kugeuka, huumia. Sisemi bolti isiguswe kamwe, maana imewekwa ili kusawazisha kimo, na mizunguko michache si dhambi. Anayetaka ugumu zaidi kwa ajili ya uzito wa mbele hana budi kuweka fimbo nene, na hapo tofauti ndogo ni kubwa: kutoka milimita 25 kwenda 27, kwa chuma kilekile na urefu uleule, ugumu hupanda kwa takriban asilimia 36.

Malipo yangu ya pili yaliniuma zaidi. Fundi mwingine alinishauri ninunue tosheni moja ya mtumba, ya upande uliolegea tu, nami kwa kubana matumizi nikakubali. Haikumaliza miezi minne. Nilikuwa narudi na madumu ya asali, nikasikia mlio kama wa risasi, na upande wa kushoto wa gari ukaketi juu ya mpira wa kizuizi. Nikaja mjini kwa mwendo wa baiskeli. Tulipoitoa na kuisugua ncha yake ya nyuma kwa brashi ya waya, chini ya kutu ikajitokeza herufi R. Ilikuwa ya kulia. Fimbo hizi husokotwa kiwandani kuelekea upande zitakaokuja kujisokota, ndiyo maana ya kulia na ya kushoto hazibadilishani hata kama kwa macho ni mapacha. (Mtu mmoja alijitolea kunichomelea ile iliyokatika. Chuma cha springi kikishapata moto wa kuchomelea si springi tena, nikamwambia ahsante.)

Fundi wa tatu ndiye aliyenifundisha. Kabla ya kulegeza chochote alipima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, pande zote mbili, kisha akapima bolti imejitokeza kiasi gani, akaandika kwa chaki ukutani. Akaipandisha chasisi juu ya stendi, hakutegemea jeki peke yake, magurudumu yakaning'inia, ndipo akalegeza bolti kidogo kidogo, kwa kuwa nguvu iliyofungwa mle inaweza kuvunja mkono wa mtu. Meno ya fimbo mpya aliyapaka grisi, na fimbo zenyewe alizishika kama mayai, akaniambia kwamba nguvu ya kusokotwa huwa kali zaidi kwenye ngozi ya chuma, hivyo mkwaruzo au shimo dogo la kutu ndipo ufa unapoanzia. Alizibadilisha zote mbili. Aliposhusha gari alinituma nizunguke nalo hadi Ipuli na kurudi ili likae sawa, akapima tena, akarekebisha, akanielekeza kwenye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, na kupanga upya taa.

Najua tosheni mpya ni ghali na wengi wetu tutaendelea kununua za mtumba. Basi nawaomba wauza vipuri wetu, wanapozitoa kwenye gari lililochinjwa, wazifunge mbili mbili kwa waya, za gari moja, wasipake rangi juu ya herufi zilizogongwa kwenye ncha, na wamruhusu mnunuzi azisugue kwa brashi kabla ya kutoa fedha yake.

Msomaji wako,
Mfuata asali,
Tabora